Vyombo vya Kuangalia Michakato ya Kompyuta: Historia ya Malezi Yake na ya Maneno Yake

Historia ya vyombo vya ufundi aghalabu huandikwa kama nasaba ya waundaji. Hutajwa jina la mtu, mwaka na mahali, kisha msimulizi hupita kwenda kwa muundaji mwingine. Utaratibu huo wafaa kwa vitu viundwavyo mara moja vikadumu, kama jiwe la kusagia. Haufai kwa programu za kompyuta, kwa maana programu haidumu kwa kukaa. Hudumu kwa kurekebishwa. Mashine iliyo chini yake hubadilika, programu jirani zake hubadilika, na ile isiyokuwa na mtu wa kuishughulikia hufa, ingawa hakuna herufi yake hata moja iliyofutwa.

Makala hii yaeleza historia ya aina moja ya programu hizo, nazo ni vyombo vidogo vya mstari wa amri, yaani vile viendeshwavyo kwa kuandika neno na kupokea jibu la maandishi, ambavyo kazi yake ni kuonyesha michakato inayoendelea ndani ya kompyuta. Vyombo hivyo, kama ps, top na htop, ni vya chanzo huria: msimbo wake waweza kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa na mtu yeyote. Itaonyeshwa kwamba uhai wake umetegemea urithishaji wa malezi kuliko uhodari wa waundaji, na kwamba jambo hilohilo ndilo lililoamua bahati ya Kiswahili katika uwanja huu.

Mtu aweza kudhani kwamba mambo hayo yahusu maabara za nchi za mbali tu. Sivyo. Mji wa Chimala, wilayani Mbarali katika mkoa wa Mbeya, uko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na sifa yake kubwa ni biashara ya mchele. Simu ya mfanyabiashara wa mchele sokoni hapo, iwapo ni ya Android, yaendeshwa na kiini cha Linux. Tangu toleo la sita la Android, lililotoka mwaka 2015, ndani ya mfumo huo mna mkusanyo wa amri uitwao Toybox, ulioanzishwa na Rob Landley, na miongoni mwa amri hizo zimo ps na top. Mwenye simu hazioni, wala hana haja ya kuziona, lakini amezibeba mfukoni.

Mchakato na zamu yake

Programu iliyohifadhiwa ni maandishi tu. Ikianza kutekelezwa hupewa namba, nafasi katika kumbukumbu, na zamu ya kutumia kichakataji. Hapo ndipo huitwa mchakato. Programu moja yaweza kuwa michakato mingi kwa wakati mmoja, kama wimbo mmoja uwezavyo kuimbwa usiku mmoja katika nyumba kumi.

Mfano wa kulieleza jambo hili wapatikana Chimala kwenyewe. Mto Chimala washuka kutoka milimani hadi uwanda wa Usangu, na wakulima wa mpunga huyachepua maji kwa mifereji na kuyapeleka katika majaruba. Maji ni yaleyale, majaruba ni mengi. Kwa hiyo hapana budi pawe na zamu. Kichakataji ni kama maji hayo, michakato ni kama majaruba, na kiini cha mfumo ndicho mgawa zamu. Hata adabu ya jirani ina mahali pake. Kila mchakato una kiwango cha upole, kiendacho toka -20 hadi 19, na amri ya kukibadilisha huitwa nice, yaani «mwema». Mchakato wenye namba kubwa ni kama mkulima akubaliye wenzake watangulie; wenye namba ndogo ni kama yule atakaye kutangulia kila siku.

Lakini mfano huo una mpaka. Zamu ya mfereji hupimwa kwa saa, na mtu aweza kusimama kingoni akaitazama. Zamu ya kichakataji hupimwa kwa sehemu ndogo za sekunde, wala hapana jicho liwezalo kuifuata. Ndiyo sababu chombo cha kupimia si anasa.

Hasara ya kukosa kipimo yaeleweka vizuri Usangu. Mto Ruaha Mkuu, ambao hupokea maji ya Chimala, ulianza kukatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha katika miaka ya mwanzo ya 1990. Lawama ziliwaendea wakulima wa mifereji, wafugaji na mashamba makubwa, na katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji wengi walihamishwa kutoka Usangu. Kuhamishwa kwao hakukuyamaliza mabishano, wala mto haukurudia hali yake ya zamani. Mahali pasipo vipimo vya kutosha, lawama humwangukia aonekanaye, na huyo si lazima awe ndiye atumiaye. Katika kompyuta mambo ni vivyo hivyo. Mashine ikiwa nzito, mtumiaji huilaumu programu iliyo mbele ya macho yake, kumbe mnyonyaji ni mchakato uliojificha nyuma, usiokuwa na dirisha wala sura.

Kutoka ps hadi top

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Amri ya ps ilionekana katika toleo la tatu la Unix, mwaka 1973. Jina lake ni kifupisho cha maneno yenye maana ya «hali ya michakato», na kazi yake ni kutoa orodha: namba ya mchakato, mahali ulipoanzishwa, muda uliotumia, na amri iliyouzaa.

Ps ya kwanza ilipata habari zake kwa njia ya shida. Ilichungulia moja kwa moja ndani ya kumbukumbu ya kiini na kuzisoma jedwali zake. Njia hiyo ilikuwa na madhara mawili. Kwanza, chombo kilihitaji ruhusa kubwa, maana awezaye kuchungulia kumbukumbu yote aweza kuziona na siri zilizomo. Pili, kila kiini kilipopangwa upya, ps ilipoteza njia na kutoa majibu ya upuuzi. Mtunzaji wake hakuwa na raha, kwa kuwa ilimpasa kukimbizana na mabadiliko ya watu wengine.

Dawa ilipatikana mwaka 1984, wakati Tom Killian wa maabara hiyohiyo alipoeleza namna ya kuufanya kila mchakato uonekane kama faili. Tangu hapo chombo hakikulazimika kuchimba. Kilifungua faili na kusoma, kama mtu asomavyo namba kwenye nguzo ya kupimia iliyosimikwa kingoni mwa mto. Linux ililichukua wazo hilo na kulipanua, ikakipa kila mchakato saraka yake chini ya saraka kuu iitwayo proc. Yafaa kukumbukwa kwamba mageuzi haya hayakuongeza neno hata moja katika orodha aionayo mtumiaji. Faida yake ilimwendea mlezi wa chombo, akapunguziwa mzigo; na kwa kupitia kwake ikawafikia wote.

Mwaka huohuo wa 1984 William LeFebvre, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, aliandika top. Ps ni picha: hupigwa, ikabaki vile ilivyo. Top ni kioo: hujifanya upya kila baada ya sekunde chache, na kuwapanga walaji kwa ukubwa wa ulaji wao, mkubwa akiwa juu. LeFebvre aliliona wazo hilo kwanza katika mfumo mwingine, uitwao VMS, akataka Unix nayo iwe nalo. Alikigawa chombo chake bure. Watu waliokuwa na mashine za namna nyingine wakaandika vipande vya kukiwezesha kufanya kazi kwao, na vipande hivyo vikaunganishwa na kazi ya asili. Hapo pameonekana dalili ya kwanza ya desturi itakayotawala historia yote inayofuata: mmoja huanzisha, wengi huendeleza.

Leseni, na lahaja mbili

Desturi hiyo ilihitaji sheria. Mwezi wa Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye nia ya kuunda mfumo mzima ulio huru. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, ambayo humruhusu kila mtu kutumia, kubadilisha na kugawa programu kwa sharti moja: agawaye alichokibadilisha na agawe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kiini chake cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo.

Linux ilihitaji ps yake. Ya kwanza iliandikwa na Branko Lankester. Michael K. Johnson akaiandika upya kwa sehemu kubwa ili isome saraka ya proc badala ya kuchungulia kumbukumbu, na mkusanyo wa vyombo hivyo ukaitwa procps. Baadaye Albert Cahalan akaiandika tena. Majina haya matatu yameandikwa yenyewe katika ukurasa wa maelezo wa ps, pamoja na ya wengine walioongeza jambo moja moja. Ukurasa huo ni mfano mzuri wa historia isiyomficha mrithi nyuma ya muundaji.

Kazi ya Cahalan ina mvuto wa pekee kwa mwanafunzi wa lugha. Kufikia wakati wake ps ilikuwa na lahaja mbili. Watu wa mila ya Bell waliandika viteuzi vyao kwa kistari, wakisema ps -ef. Watu wa mila ya Berkeley, California, waliandika bila kistari, wakisema ps aux. Herufi moja iliweza kuwa na maana mbili tofauti kufuatana na kinywa kiisemacho. Kiswahili kilipokabiliwa na hali ya namna hiyo, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliiteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu, na Kimvita pamoja na ndugu zake wakabaki nje ya mlango wa shule. Cahalan hakuteua. Aliifundisha ps kusikia lahaja zote mbili na kujibu kila moja kwa adabu yake. Faida ni kwamba hakuna mzee wa fani aliyelazimika kujifunza kusema upya. Gharama ni kwamba msimbo ukawa mzito, na kila mlezi ajaye hana budi kuzijua lahaja zote mbili. Usanifu humtwisha mzigo msemaji, na uvumilivu humtwisha mlezi. Hakuna njia iliyo bure.

Chombo yatima

Procps ya Cahalan ilikoma kutoa matoleo mwaka 2009. Hakuna aliyeifuta. Iliendelea kufanya kazi katika mashine zisizohesabika, na mtumiaji wa kawaida hakutambua lolote. Lakini makosa yaliripotiwa na hayakupata mtu wa kuyapokea. Wasambazaji wa Linux, yaani wale wakusanyao programu na kuzitoa pamoja kama mfumo mmoja, wakawa kila mmoja ashona kiraka chake peke yake, hata nakala zikaanza kutofautiana. Mwaka 2011 watu wa Debian, Fedora na openSUSE waliviunganisha viraka hivyo na kuanzisha procps-ng, ambayo Craig Small amekuwa miongoni mwa walezi wake wakuu. Thamani ya ulezi huo ilionekana mwaka 2018, pale wakaguzi wa kampuni ya Qualys walipogundua nyufa kadhaa za usalama katika ps, top na maktaba yake. Nyufa zilizibwa kwa sababu palikuwa na mtu wa kuandikiwa barua.

Hali kama hiyo iliipata htop. Chombo hiki kilianzishwa mwaka 2004 na Hisham Muhammad wa Brazili, aliyetaka kitu chepesi kuliko top: orodha iwezayo kusukumwa juu na chini, michakato ionyeshwe kama mti wa ukoo, na mtu aweze kuuchagua mchakato kwa kuuelekea, pasipo kunakili namba yake. Herufi ya kwanza ya jina la chombo ni ya jina lake mwenyewe. Kwa miaka mingi aliitunza kazi hiyo hasa kwa nguvu zake. Baada ya toleo la mwaka 2018 pakawa kimya, na marekebisho yaliyoletwa na watu yakarundikana. Mwezi wa Agosti 2020 kikundi cha wachangiaji kiliyachukua malezi na kutoa toleo la tatu, na muundaji akaridhia. Urithi huo ulikuwa wa amani. Na kwa kuwa ulikuwa wa amani, haukupata masimulizi mengi.

Urithi wa namna nyingine ulijulikana duniani kote mwaka 2024. Xz ni programu ya kufinya faili ili zichukue nafasi ndogo. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Ufini, karibu peke yake na bila malipo. Mwaka 2022 alieleza waziwazi kwamba nguvu zake zilikuwa zimepungua. Wakati huo palikuwapo mchangiaji aliyejiita Jia Tan, mwenye bidii na upole wa maneno, na sauti nyingine zikamhimiza Collin kumgawia mtu mwingine mamlaka. Akamgawia. Mwezi wa Februari 2024 toleo jipya likatoka likiwa na mlango wa siri, uliofichwa kwa ustadi, ambao ungempa mwenye ufunguo njia ya kuingia katika seva za watu kwa kupitia huduma ya kuingilia kutoka mbali.

Mlango huo haukugunduliwa na askari wala na chombo cha ulinzi. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi zake na kutaka mashine itulie. Akaona kwamba michakato ya huduma ile ya kuingilia ilikula kichakataji kupita kiasi, hata pale wageni walipokataliwa mlangoni, na kwamba kuingia kulichelewa kwa kadiri ya nusu sekunde. Wengine wangeliiacha nusu sekunde ipite. Yeye aliifuatia mpaka chanzo chake, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokiona. Toleo lenye sumu lilikuwa limefika katika mifumo ya majaribio ya baadhi ya wasambazaji, lakini halijaingia katika ile itumiwayo na watu wengi. Collin na wenzake wakalisafisha.

Kisa hicho kina pande mbili za jambo moja. Hatari ilizaliwa na uchovu wa mlezi mmoja asiyekuwa na mrithi aliyelelewa mapema. Wokovu ulitokana na mazoea ya mtu kuangalia ulaji wa michakato na kuuliza kwa nini. Kuunda hakukuhusika katika upande wowote.

Maneno ya ukoo na ya mauti

Jambo la maneno halitengani na jambo la malezi, maana mtu hutunza kile awezacho kukitaja. Neno «mchakato» limetokana na kitenzi kuchakata, kisemwacho juu ya mkonge upitishwapo mashineni ili nyuzi zitengane na nyama ya jani. Ni jina jema: laonyesha kwamba kitu kinaingia katika hali moja na kutoka katika nyingine.

Maneno yafuatayo ni ya ukoo. Mchakato huzaa mwingine kwa kujigawa. Wa kwanza huitwa mzazi na wa pili mtoto. Hapa Kiswahili hakipati taabu yoyote, kwa kuwa «mzazi» na «mtoto» hayataji jinsia, tofauti na lugha zilazimishazo kuchagua baina ya baba na mama. Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto huitwa yatima, na kwa kawaida mchakato namba 1, ulio mkongwe kuliko wote katika mashine, humchukua na kumlea. Mpango huu hauhitaji maelezo mbele ya msomaji wa Afrika Mashariki.

Taabu yaanza kwenye neno la Kiingereza la mchakato uliokufa lakini ukabaki kwenye orodha, neno ambalo kwa sauti za Kiswahili huwa zombi. Mfasiri wa Tanzania hukimbilia «msukule», na yule wa kusini hukumbuka «ndondocha». Lakini msukule, kwa imani ya wasimuliao, ni mtu adhaniwaye kuwa amekufa, kumbe yu hai mahali fulani akifanyishwa kazi usiku. Mchakato unaosemwa hapa ni kinyume chake: umekufa kweli, haufanyi kazi yoyote, hauli kichakataji wala kumbukumbu, kilichobaki ni mstari mmoja tu katika daftari, ukingoja mzazi aje kuipokea taarifa ya kifo. Tofauti hii si ya ushairi. Mwangalizi aliyefundishwa kuuita msukule atajaribu kuuua, na atashindwa, kwa kuwa aliyekwisha kufa hauawi. Aliyefundishwa kuuita «maiti isiyozikwa» atauliza mara moja: mzazi wake yuko wapi, na kwa nini hajaja kuzika? Swali hilo ndilo dawa yenyewe. Mzazi akirekebishwa, humzika mtoto. Mzazi akiondolewa, mkongwe namba 1 huupokea msiba na kuumaliza.

Amri ya kill nayo yahitaji hadhari. Maana ya jina lake ni «ua», lakini kazi yake hasa ni kupeleka ishara. Ishara namba 15 ni ombi: mchakato huambiwa umalize shughuli zake, ufunge faili zake, kisha uondoke. Ishara namba 9 pekee ndiyo isiyosikiliza udhuru, na mchakato ulioondolewa kwayo hauna nafasi ya kuaga wala kuhifadhi. Ishara namba 1 zamani ilimaanisha kwamba simu imekatwa. Siku hizi huduma nyingi huipokea kama agizo la kusoma upya maagizo yake, bila kifo chochote. Tafsiri isemayo «ua» mahali pote yawafundisha vijana kuanza na namba 9. Tafsiri isemayo «tuma ishara» yawafundisha kuanza na ombi.

Mwisho ni dimoni, yaani mchakato ufanyao kazi nyuma bila kuonekana na bila mtumiaji wa kuzungumza nao. Jina hilo lilianza kutumika katika chuo cha MIT mwaka 1963, kwa kukumbuka kiumbe wa mfano aliyebuniwa na mwanafizikia Maxwell, apangaye chembe bila kuchoka. Halikukusudiwa kumtaja shetani. «Pepo» kwa hiyo lapotosha. «Mzimu» lakaribia zaidi, kwa kuwa mzimu katika fikira za wazee wa bara hauonekani lakini huangalia nyumba. Hata hivyo, panapokuwa na shaka, «mtumishi wa nyuma» latosha, wala halimwogopeshi mtu yeyote.

Kiswahili na warithi wake

Kiswahili hakikukosa wa kuanza. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT +46 ya Uswidi katika mradi wa Kilinux, iliitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi ulio huria, uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilidai istilahi kwa mamia na ikazipata. Lakini programu iliyotafsiriwa haikusimama ikangoja. Mwaka 2010 OpenOffice yenyewe iligawanyika na LibreOffice ikazaliwa, ikifuata njia yake na kuongeza maneno mapya kwenye kila toleo. Tafsiri ya toleo moja haiwezi kulihudumia toleo la baadaye ila awepo mtu wa kuifuata, mwaka baada ya mwaka, hata siku ambazo hakuna sherehe ya uzinduzi. Procps-ng, kwa mfano, ina ujumbe wake katika Kijerumani, Kifaransa, Kipolandi, Kiukraini na Kivietinamu, kwa sababu lugha hizo zina watu wachache waliokubali kurudia kazi ileile kila toleo litokapo.

Wala haja ya waangalizi wasemao Kiswahili si ndogo. Mfumo huria wa takwimu za afya, DHIS2, ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, ulienezwa Tanzania nzima kufikia mwaka 2013. Takwimu za wagonjwa wa Mbarali huingia humo kama zile za wilaya nyingine. Mfumo huo huhifadhi takwimu zake katika PostgreSQL, hifadhidata ileile iliyomwamsha Freund, na aghalabu seva zake huendeshwa kwa Linux. Seva ikizidiwa mwisho wa mwezi, wakati wilaya nyingi zaleta taarifa kwa pamoja, mwangalizi hufungua top au htop aone nani anakula. Kijana aliyesoma kompyuta Mbeya au Iringa aweza kuwa mwangalizi huyo. Atamweleza mwenzake kwa Kiswahili alichokiona, na maneno atakayotumia yataongoza mkono wake.

Elimu ya malezi si ngeni kwa Taasisi za Kiswahili. Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930 ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi mwaka 1964, nayo ikarithiwa na TATAKI mwaka 2009. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, ikarudiwa mwaka 2004, ikarudiwa tena mwaka 2013. Hakuna aliyeshangaa kwamba kamusi yahitaji kurudiwa, wala aliyesema kwamba toleo la kwanza lilishindwa kwa kuwa la pili lilifuata. Istilahi za kompyuta zimetendewa vingine: zimeundwa kwa mradi, zikachapwa, na mradi ulipokwisha zikaachwa bila mlezi. Zingali zimo vitabuni, kama mchakato ule ulioandikwa daftarini na usiofanya kazi. Zahitaji mtu wa kuzipokea kwa mkono, azijaribu mbele ya seva inayolemewa, abakize zifaazo, azike zisizofaa, na kabla ya kuchoka amfundishe mwingine.